Dizaina Ukiomba Kazi Google, Microsoft au Meta: Hatua kwa Hatua

Dizaina anayeomba kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupata jibu, na kila mmoja wao ana kitu chake anachokitafuta. Wengi huanguka ilhali kazi zao ni nzuri. Walijiandaa kwa usaili mmoja mrefu, kumbe ni mitihani kadhaa isiyofanana.

Hatua ya 1: Ijue nafasi yenyewe

Si lazima uhame bara ili uombe. Microsoft ilianzisha kituo cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na mwaka 2022 Google ikatangaza kwamba inafungua jijini humo kituo chake cha kwanza cha kuunda bidhaa barani Afrika. Tangazo hilo liliwataja madizaina na watafiti wa watumiaji pamoja na wahandisi.

Soma tangazo la kazi taratibu. Anayebuni bidhaa nzima, anayeshughulikia mwonekano, anayetafiti tabia za watumiaji na anayeandika maneno ya ndani ya programu ni watu wanne tofauti, na usaili wao hutofautiana sana. Angalia pia ngazi. Ukiomba ngazi ya juu utapimwa kwa maamuzi uliyowahi kuyabeba na watu uliowaongoza, hata kama skrini zako zinapendeza kuliko za mwenzako.

Hatua ya 2: Peleka ombi

Wasifu uwe ukurasa mmoja au miwili, maandishi yanayosomeka na kompyuta, bila picha yako wala michoro ya asilimia za ujuzi. Ukiwa na mtu ndani ya kampuni, mwombe akupendekeze kupitia mfumo wao rasmi. Koneksheni ya namna hii haina ubaya wowote: inasaidia faili lako lisomwe, basi. Kazi utaitafuta mwenyewe.

Potifolio iwe na kazi mbili au tatu zilizoelezwa vizuri. Ishirini zisizo na maelezo zitakuangusha. Msomaji wa kwanza huipitia haraka sana, hivyo mwanzoni mwa kila kazi aone tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini na nini kilibadilika. Kazi yenye siri za mwajiri iombee ruhusa, ifunge kwa neno la siri, au ondoa majina na tarakimu nyeti. Dizaina anayemwaga siri za mwajiri wa jana anamtisha mwajiri wa kesho.

Hatua ya 3: Simu ya afisa ajira

Huchukua takriban nusu saa na si ya kitaalamu. Anataka kujua kama unaeleweka, kama ngazi inakufaa, na kama kuna suala la kibali cha kazi. Tumia nafasi hiyo kumuuliza wewe: kuna raundi ngapi, nani watakuwepo, nitawasilisha kwa muda gani? Atakujibu, kwa sababu naye anataka upite. Akikuuliza mshahara unaoutaka, muulize kwanza kiwango kilichotengwa. Jimbo la California, yalipo makao ya Google na Meta, tangu Januari 2023 linawataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi kuandika kiwango hicho kwenye tangazo lenyewe.

Tahadhari moja hapa. Kampuni halali haidai ada ya usaili, ya fomu wala ya "kuharakisha faili". Ukiombwa pesa, umeshafika kwa matapeli.

Ukipanga muda na watu wa Marekani, andika saa kwa mtindo wa saa 24 na utaje mji. Saa 10:00 ya San Francisco ni 20:00 au 21:00 ya Nairobi na Dar es Salaam, kutegemea majira yao. Yaani saa 2 au saa 3 usiku. Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri, hapa ndipo watu hukosa usaili wakiwa wamekaa mezani wanasubiri.

Hatua ya 4: Kuwasilisha potifolio

Hii ndiyo siku yenyewe. Utakaa mbele ya jopo, mara nyingi kwa video, kwa dakika 45 hadi 60: madizaina, meneja wa bidhaa, pengine mhandisi na mtafiti. Andaa miradi miwili, ya pili ikiwa fupi, na uache robo ya muda kwa maswali.

Usianze na skrini iliyokamilika. Anza na mtu aliyekuwa na shida. Tuseme ulibuni huduma ya kutuma pesa. Eleza mama anayepiga *150*00# kwenye simu ya kitochi, menyu inakatika kabla hajamaliza, au pesa inaenda namba siyo. Kisha onyesha njia mlizofikiria, na ile mliyoitupa: kwa nini mliitupa? Jopo husikiliza hapo kuliko popote. Picha nzuri wanaweza kuzitazama wenyewe. Wasichoweza kukiona ni jinsi ulivyoamua pale muda ulipokuwa mfupi, mhandisi amesema haiwezekani na meneja anataka kitu kingine.

Kuna tabia yetu moja inayotugharimu hapa. Tumelelewa kuona kujitaja ni majivuno, kwa hiyo dizaina wa Kiswahili atasema "tulifanya, tuliamua, tulitengeneza" hadi mwisho. Jopo linabaki halijui kama alikuwa nahodha au abiria. Wape wenzako heshima yao kwa kuwataja, halafu sema wazi: utafiti aliufanya mwenzangu, mpangilio wa menyu niliuamua mimi.

Slaidi zihifadhi kwenye kompyuta yako na uwe na nakala ya PDF, maana Figma bila mtandao inaweza kukuacha na skrini tupu, na umeme hauulizi ratiba yako.

Hatua ya 5: Zoezi

Kwenye zoezi la ubaoni unapewa tatizo usilolijua, ulitatue kwa kuchora mbele ya wasaili. Swali lililozoeleka: buni mashine ya kutolea pesa kwa ajili ya watoto. Anayekimbilia kuchora ameshapoteza. Uliza mtoto ana miaka mingapi, pesa ni za nani, mzazi yuko wapi, mashine itawekwa shuleni au dukani. Chagua jibu moja, liseme kwa sauti, ndipo uchore. Kampuni nyingine hukupa programu maarufu uichambue. Usiseme "rangi mbaya", sema inamzuia nani kufanya nini.

Lipo pia zoezi la kwenda nalo nyumbani. Msimamo wangu ni mkali: likizidi saa chache, au likiwa ni bidhaa halisi ya kampuni hiyo, uliza kama linalipwa. Chama cha madizaina cha Marekani, AIGA, kimekuwa kikiwashauri wanachama kwa miaka mingi kuhusu hatari za kufanya kazi bure kwa matumaini. Kukataa kwa adabu na kupendekeza ueleze kazi ya zamani badala yake kunaruhusiwa.

Hatua ya 6: Maswali ya tabia

Utaulizwa ulivyogombana na mwenzako wa kazi. Kuwa na visa vitatu vya kweli, kila kimoja na mwisho wake.

Hatua ya 7: Kamati, kisha ofa

Uliowaona kwenye usaili huandika maoni yao, na Google imejulikana kwa kutomwachia meneja uamuzi peke yake, bali kuupeleka kwa kamati inayosoma maoni hayo bila kukuona. Hapo majuma yanaweza kupita kimya. Zamani Google ilikuwa ikisaili mtu mara nyingi kupita kiasi, hadi uchambuzi wake wenyewe ulipoonyesha kwamba saili nne zinatosha kutabiri uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86.

Ofa ikija, tenganisha mshahara, bonasi na hisa. Hisa kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo kwa miaka minne, kwa hiyo usizihesabu kama pesa ya mwezi ujao. Omba nyongeza kwa maandishi na kwa heshima. Mara chache sana mtu hunyang'anywa ofa kwa kuuliza. Barua ya kuacha kazi uliyonayo iandike baada ya mkataba mpya kusainiwa na pande zote mbili, na kibali cha kazi, kama kinahitajika, kiwe kimeshatoka.