KIMELEA HUSAFIRI NA MBEGU
Somo kwa Vyama vya Wavuvi: Vimelea vya Kome na Wajibu wa Chama



Mkulima wa pamba humjua funza wa pamba, na mfugaji humjua kupe. Lakini mwenzetu avunaye baharini mara nyingi hudhani kuwa mali iliyo chini ya maji haina mdudu, kwa sababu tu mdudu huyo haonekani. Somo hili lahusu kome, yaani wale viumbe wa pwani wenye magamba mawili, na vimelea viingiavyo ndani yao. Tutatazama mkasa uliotokea Ulaya, kisha tutaona ni nini kimpasacho kila mwanaushirika mwenye nia ya kufuga kome au chaza.

Jinsi kimelea kiingiavyo

Kome hula kwa kuvuta maji na kuyachuja katika matamvua yake ili abaki na vijimea vidogo. Mlango huo wa chakula ndio pia mlango wa adui. Kimelea kimoja kijulikanacho sana katika bahari za Ulaya huitwa Mytilicola intestinalis. Chaonekana kama mnyoo mwekundu, lakini kwa hakika ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Hukaa katika utumbo wa kome, na jike lake hufikia urefu wa milimita 8 hivi. Watoto wake huelea majini kwa siku chache tu, kisha huvutwa na kome mwingine pamoja na chakula. Hakimdhuru mtu alaye kome.

Yuko pia kaa mdogo aitwaye Pinnotheres pisum. Jike lake huishi ndani ya magamba, hula chakula kilichokwisha kuchujwa na kome, na huweza kuyajeruhi matamvua. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni hawa wawili hawakuja kwa heri hiyo.

Mkasa wa Zeeland

Mytilicola ilielezwa na wataalamu mwaka 1902 kutokana na kome wa Bahari ya Mediteranea. Katika miaka ya 1930 ilionekana katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Ujerumani. Wengi husadiki kuwa ilibebwa na kome walioganda kwenye matumbo ya meli.

Jimbo la Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, lilikuwa kitovu cha ufugaji wa kome. Kila mfugaji alikuwa na eneo lake chini ya maji, akipanda humo kome wachanga, ambao wafugaji huwaita mbegu. Mwaka 1949 na 1950 kome walikufa kwa wingi, na waliopasuliwa walikutwa na kimelea hicho. Baada ya hapo sehemu kubwa ya ufugaji ilihamishiwa Waddenzee, kaskazini mwa nchi. Mpaka leo kome wa Waddenzee husafirishwa hadi mnada wa Yerseke, huko huko Zeeland. Fikirini, ndugu, gharama ya kuhamisha shamba zima la baharini!

Watafiti waliofuata walitia shaka kama kimelea hicho peke yake chaweza kuua kome wengi kiasi kile, kwani kome waliosongamana hukosa chakula pia. Jambo moja lilidhihirika: kome waliorundikana chini, mahali penye mkondo dhaifu, hushambuliwa zaidi kuliko waliotandazwa au kutundikwa juu kwenye kamba.

Kuhusu usafiri wa vimelea, chaza watupa ushahidi mwingine. Mwaka 1979 kimelea kisichoonekana kwa macho, Bonamia ostreae, kiligunduliwa katika pwani ya Bretagne, Ufaransa, kikaangamiza chaza wengi wa asili. Uchunguzi ulielekeza kwamba kililetwa na chaza waliotoka California. Basi anunuaye mbegu pasipo kuikagua huenda ananunua na ugonjwa wake.

Yapasayo chama

1. Mbegu ipatikane katika maji ya karibu kila iwezekanapo. Ikitoka mbali, kamati isilipe kabla Afisa Uvuvi hajaiona.

2. Kabla ya kupanda, wapasuliwe kome thelathini wa kila shehena na utumbo utazamwe. Mnyoo mwekundu huonekana kwa macho. Usipoonekana, tusiseme kwamba shehena ni safi kabisa, maana vipo vimelea vihitajivyo darubini.

3. Kome wasirundikwe. Mwanachama apandaye kupita kiasi humdhuru na jirani yake, kwa kuwa maji hayana mpaka.

4. Kila bamvua, maji yakipwa, wajumbe wawili wahesabu kome waliokufa katika kila eneo. Magamba na matumbo ya waliokufa yasitupwe baharini, bali yafukiwe nchi kavu.

5. Katibu aweke Daftari la Mbegu lenye safu tano: tarehe, mbegu ilikotoka, kiasi, eneo ilipopandwa, na idadi ya waliokufa.

Wapo watakaosema kuwa daftari haliponyi kome. Ni kweli. Wala hakuna dawa ya kumwagwa baharini ikaua kimelea na kuacha kome salama. Lakini vifo vitokeapo, chama chenye daftari kitajua ni shehena ipi iliyoleta hasara na ni eneo lipi la kuokoa. Chama kisicho nalo kitabaki kugombana, huyu akimlaumu jirani, yule akilaumu kamati, na mtaji wa wanachama umekwisha zama.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Kwa nini kome waliosongamana huambukizana upesi?
(b) Mwanachama akileta mbegu kwa siri kutoka pwani nyingine, chama kimchukulie hatua gani?
(c) Ni nani katika chama chetu atakayekagua shehena, na atamjibu nani?