SOMO: MWENYE KUJITOLEA SI PUNDA WA KILABU



Matawi yetu mengi yana timu ya mpira, na pembeni yake kuna timu za vijana wa mtaa. Timu hizi haziendeshwi na fedha. Zinaendeshwa na watu wanaojitolea kufundisha watoto, kuchora mistari ya uwanja, kufua jezi na kutunza daftari la michango. Somo la leo ni hili: watu hao tutawapataje, na tufanye nini wasitukimbie?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Hapa Jinja tulikuwa na timu ya watoto. Mwenzetu mmoja, fundi wa kiwandani, alikuwa mwalimu wa timu, mweka hazina na mchukuzi wa mipira. Akitoka zamu ya usiku alikwenda moja kwa moja uwanjani. Sisi tulimsifu tu. Siku moja fedha za jezi zilipungua, nasi tukamhoji mbele ya watoto. Tulipopiga hesabu vizuri tuliona fedha zilikwenda katika nauli ya mechi ya ugenini, na nyingine alizitoa mfukoni mwake. Lakini alikwisha tuachia daftari na mipira, na hakurudi. Kabla msimu haujaisha timu ikafa.

Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Kikomo hicho tunamdai mwajiri. Mbona mwenzetu hatukumwekea?

Basi tujifunze haya:

1. Mwombe mtu uso kwa uso. Ukiuliza mkutanoni "Nani atasaidia?" wote hutazama chini. Mwendee nyumbani, umwambie: "Mama, tunaomba ututunzie daftari, masaa mawili kila Jumamosi, mpaka msimu uishe." Kazi yenye mwisho hukubaliwa.

2. Mtu mmoja, kazi moja. Fedha zishikwe na watu wawili, risiti zitunzwe, hesabu isomwe kila mwezi. Hiyo si kumshuku mtu, ni kumlinda.

3. Mrudishie nauli yake. Anayejitolea ametoa muda wake, hakutoa unga wa watoto wake.

4. Mfundishe. Mgeni afuatane kwanza na mzoefu. Mwisho wa msimu ashukuriwe kwa jina lake mbele ya watu.

5. Asiondoe mtu kazini. Kama uwanja una mlinzi wa mshahara, tusimwondoe ili tuweke wa bure. Chama hakiwezi kukubali hivyo.

Kwa majirani zetu wa Kenya kuna mfano mzuri. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA kilianza mwaka 1987. Timu zilizosafisha takataka za mtaa zilipewa pointi za ligi kwa kazi hiyo. Vijana wenyewe walikuwa makocha na waamuzi. Kazi ya kila anayejitolea ilihesabiwa, na waliofanya vizuri walisaidiwa karo ya shule. Hawakulipwa mshahara, lakini jasho lao liliandikwa.

Yule fundi tulimwendea mwishowe, watu watatu, tukamwomba radhi. Alitukaribisha chai. Kuhusu timu alisema: "Leteni kwanza wa kushika daftari." Sasa tunatafuta watu wawili.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Katika kilabu chenu, ni nani anafanya kazi za watu watatu?

(b) Mara ya mwisho alirudishiwa nauli lini?

(c) Wiki hii mtamwendea nani nyumbani, na mtamwomba kazi gani?

Umoja ni nguvu.