Diski Moja, Vyumba Viwili: Linda Rekodi za Duka Lako

Wakala wetu, uwe Isebania mpakani au Mbita ufuoni, jiulize: kompyuta ya duka ikigoma leo, rekodi zako zitapona?

Diski ni kama nyumba iliyogawanywa vyumba. C hukaliwa na Windows na programu. D, kama ipo, ni ya faili zako. Fundi akiweka Windows upya, mara nyingi hufuta C yote. Desktopu pia iko ndani ya C, kwa hivyo steitimenti ulizoacha hapo huenda nazo.

Fanya hivi leo:

1. Fungua This PC. Mstari wa C ukiwa mwekundu, nafasi imebaki chini ya asilimia 10.
2. Futa video na faili za Downloads usizohitaji, kisha safisha Recycle Bin. Usipoisafisha, nafasi hairudi.
3. Hamisha steitimenti na hesabu za floti hadi D.

Lakini tusidanganyane: diski yenyewe ikifa, C na D huenda pamoja. Weka nakala kwa flashi, uifungie mbali na kompyuta. Sheria ya kodi Kenya inakutaka utunze rekodi za biashara miaka 5.

Na PIN? Hiyo usiiandike kwa faili yoyote. Iweke kichwani.