Mnyoo, Mlango na Kipimo



Ndugu msomaji, mwezi wa Shaabani nilitoa darsa fupi msikitini kwetu Ruziba. Nilimzungumzia sisimizi wa Suratun Naml, kisha nikaongeza kwa ujasiri kwamba sayansi yote ya neva imo humo. Baada ya swala, dada mmoja anayesoma baiolojia akaniuliza kwa upole: "Kaka, neva ya mdudu inahisije mguso?" Sikuwa na jibu. Niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimelinasibisha na Kitabu cha Mwenyezi Mungu jambo nisilolijua, nasi tumekatazwa kufuata tusichokuwa na elimu nacho (Suratul Israa, aya ya 36). Makala haya ni deni ninalolipa.

Mnyoo wa kuchunguzwa

Watoto wa hapa wanaovua kwa ndoana ziwani Tanganyika wanajua kwamba nyungunyungu wa chambo ukimgusa kidogo tu, hujivuta haraka shimoni. Wanasayansi wamemchunguza zaidi mnyoo wa aina nyingine, *Caenorhabditis elegans*, mwenye urefu wa milimita moja, anayeishi kwenye matunda na majani yanayooza. Aliyemchagua kwa utafiti huo ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mnyoo huyu ana seli za neva 302 tu, na 6 kati yake ndizo zinazohisi mguso mwepesi.

Mlango na wasaidizi wake

Katika utando wa seli hizo 6 kuna milango midogo sana iliyojengwa kwa protini, mkuu wao akiitwa MEC-4. Mwili ukiguswa, mlango hufunguka, ioni za sodiamu huingia, na seli hupeleka habari. Mnyoo hurudi nyuma au hukimbia mbele, kutegemea alikoguswa.

Lakini mlango haufanyi kazi peke yake. Protini za MEC-2 na MEC-6 huusaidia. Ikikosekana mojawapo, mnyoo hahisi mguso mwepesi. Na kuna hatari ya upande wa pili: wako minyoo waliozaliwa na hitilafu inayoufanya mlango wa MEC-4 ubaki wazi. Hao hawawi hodari zaidi wa kuhisi. Seli zao za mguso huvimba na kufa.

Nani hupunguza na kuongeza?

Mwaka 2014 Xiaoyin Chen na Martin Chalfie walionyesha kwamba mnyoo aliyetikiswa kwa saa kadhaa huwa mwepesi zaidi wa kuhisi mguso upande wa mbele wa mwili. Akikosa oksijeni ya kutosha, au chumvi ikizidi, huwa mzito. Habari ya mtikisiko hupitia integrini, yaani protini zinazoishikiza seli na vitu vilivyo nje yake. Habari ya oksijeni na chumvi hufika kwa njia ya vijumbe vya jamii ya insulini, ambavyo kutolewa kwake huzuiwa hali inapokuwa mbaya. Njia zote mbili hukutana ndani ya seli ileile ya mguso, na huko ndiko hupatikana uamuzi mmoja: kuhisi zaidi au kuhisi kidogo.

Funzo

Sasa sisemi tena kwamba aya fulani inataja milango ya ioni. Nasema hivi: Suratul Qamar, aya ya 49, inatufundisha kuwa uumbaji una kipimo, na mimi nimekiona kipimo hicho kwa kiumbe ninayemkanyaga bila kujua. Mlango usiofunguka humwacha bila habari, na usiofungwa humuua. Aya ilinipa sababu ya kutazama. Dada yule akanilazimisha nitazame kweli. Yote mawili ni neema, na la pili ndilo lililoniuma.

Maswali ya kujadiliana kwenye halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya kuzingatia uumbaji na kudai kwamba aya imetaja ugunduzi fulani?
2. Kwa nini seli hufa mlango ukibaki wazi?
3. Ukiulizwa usilolijua mbele ya watu, utajibu nini?

La tatu nimeshajifunza: "Sijui, nitauliza." Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.