Mdogo Wangu, Kabla Hujalipia Waifai

Mdogo wangu, ukiambiwa "fundi atakuja kesho" mara ya pili, acha kungoja na uanze kuuliza maswali. Mmenieleza sana jambo hili, nyinyi wa Kibera na nyinyi wa Kawangware: mtu amelipa pesa za kuwekewa faiba, wiki zinakatika, simu haipokelewi, na mtoto bado anafanya kazi ya shule kwa bando za kuungaunga. Linaniuma, kwa sababu pesa hizo zimetoka kwenye kodi na unga. Basi keti tuongee.

Kwanza ujue shida iko wapi. Kenya haikosi intaneti. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka wa 2009, na nyingine zimefuata. Ugumu uko kwenye zile mita za mwisho, kutoka barabara kubwa hadi mlangoni pako. Kawangware imepakana na Lavington, lakini Lavington ina barabara zilizopimwa na mageti yenye nambari, ilhali ndani ya Gatina au Kabiro ploti zimebanana na nguzo ni chache. Kibera ni kugumu zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, kwa hivyo mwenye nyumba anamiliki kuta na mabati bila kumiliki udongo. Vichochoro vya Gatwekera, Lindi na Laini Saba havikuachiwa nafasi ya nguzo wala mtaro. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara ya kutoka Ngong Road kwenda Lang'ata, na kampuni inayopanga kuvuta kebo huliwaza hilo pia. Kwa hivyo usijione duni. Wewe ni mteja kama wa Lavington. Walioshindwa ni waliopaswa kuupanga mtaa wako.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawakwambii. Kebo ya faiba haitoki barabarani moja kwa moja hadi chumbani kwako. Hupitia kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo au ukutani, na humo ndani mwanga unaobeba intaneti hugawiwa wateja wachache, mara nyingi wanane au kumi na sita. Nafasi zikijaa, hata ukilipa leo hutaungiwa mpaka kampuni iongeze kisanduku kingine. Tena kila kampuni ina urefu wa kebo inaokubali kuvuta kutoka kwenye kisanduku. Ukizidi hapo, utaongezwa gharama au utakataliwa. Ndiyo maana jirani wa ploti ya pili anatazama video usiku kucha na wewe unaambiwa ungoje.

Kwa hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, uliza haya: Kisanduku kilicho karibu nami kiko wapi? Kina nafasi? Kutoka hapo hadi kwangu ni mita ngapi? Fundi akija na akashindwa, pesa zangu zitarudi baada ya siku ngapi? Mwambie aje aone kwa macho, maana ramani ya ofisini haijui kichochoro chenu. Asiyeweza kujibu maswali hayo hajawa tayari kupokea pesa zako.

Ukiridhika, lipa kwa nambari ya Paybill yenye jina la kampuni. Usitume kwa nambari ya simu ya mtu, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo na anakuita dada. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, fomu uliyotia sahihi, na tarehe uliyoahidiwa. Fundi au mtu yeyote wa mtaani akidai cha juu ili kebo ipite, piga simu kwa kampuni papo hapo uulize kama ada hiyo wanaitambua. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lako ni simu yako.

Halafu kuna mwenye nyumba. Wengi wenu ni wapangaji, na nimeona kebo ikifika hadi ukutani kisha msimamizi wa ploti akaikataa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Zungumza na mwenye nyumba mapema, umweleze ni tundu ngapi zitatobolewa na wapi, na uombe kibali cha maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Uliza pia ruta ni ya nani, na ukihama utahamishiwa huduma kwa gharama gani.

Hili la usalama nakuomba usilipuuze. Uzi wa faiba ni wa kioo na haubebi stima. Lakini kebo nyingi zinazovutwa hadi nyumbani zina waya wa chuma pembeni wa kuzishikilia hewani. Waya huo ukigusa waya uliochunika wa stima ya sambaza, ile ya kuungwa kiholela, unaweza kuleta umeme hadi ukutani kwako. Fundi akitaka kuipitisha kebo katikati ya nyaya zilizo wazi, mkatalie. Afadhali ukae mwezi mzima bila waifai kuliko kumhatarisha mtoto.

Na kama faiba haifiki kabisa? Usikae gizani. Poa! Internet imejijengea jina katika mitaa kama Kibera na Kawangware kwa intaneti inayorushwa hewani hadi kwenye antena juu ya paa, na kifurushi chake cha nyumbani kilijulikana kwa bei ya takriban shilingi 1,500 kwa mwezi. Linganisha na Safaricom, ambayo mwaka wa 2024 kifurushi chake cha faiba cha shilingi 2,999 kilikuwa na kasi ya Mbps 15. Uliza bei za leo, na uulize kama unachouziwa ni faiba au ni cha hewani, maana kuna wanaoita kila kitu faiba. Kibera pia kuna TunapandaNET, mtandao wa kijamii ulioanzishwa na Tunapanda Institute kuunganisha shule na vituo vya mtaa. Mwaka wa 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa kuipa leseni mitandao ya aina hiyo, kwa hivyo kikundi chenu kikiwa na nia, njia ya kisheria ipo.

Ukishaungiwa, itunze kebo yako. Usiikunje kwa nguvu kwenye kona, maana mwanga hupotea pale inapopindwa. Usiiache sakafuni panya waitafune. Taa nyekundu ya LOS ikiwaka kwenye ruta, mwanga haufiki. Kuzima na kuwasha hakutasaidia, ripoti na uitishe nambari ya malalamiko. Na stima ikipotea, ruta nayo inazima, kwa hivyo ukijaliwa, weka akiba ununue betri ndogo ya ruta.

Mwisho, jua haki zako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, taarifa za kutosha, na fidia akiumizwa. Lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi. Wakikupuuza, peleka lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ukidhulumiwa pesa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili kusimama pale.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni majirani. Kampuni haitaongeza kisanduku kwa ajili ya chumba kimoja, ila ploti tatu zenye watu ishirini walio tayari kulipa ni biashara asiyeitaka ni nani? Wiki hii, chukueni karatasi. Andikeni jina la kila mpangaji anayetaka, nambari ya ploti, na kibali cha mwenye nyumba. Chagueni mtu mmoja mnayemwamini, aipeleke ofisini kwa kampuni mbili au tatu, na asikusanye pesa ya mtu yeyote mpaka fundi awe amekuja kupima. Fanyeni hivyo, wadogo zangu, na msikubali kuombwa subira na mtu aliyekwisha kupokea pesa zenu.