Mwanangu, Unakimbia Kupeleka Nini?

Somo la juma: 2 Samweli 18:18–33 na 19:1–8. Soma pia 2 Wakorintho 8:20–21.

Fungu la juma hili wengi wetu tunalijua kwa kilio chake tu, yaani Daudi akimlilia mwanawe Absalomu. Lakini kabla ya kilio kuna mbio. Vita imeisha, Absalomu amekufa, na kijana anayeitwa Ahimaasi mwana wa Sadoki anataka kukimbia kupeleka habari kwa mfalme. Jemadari Yoabu anamzuia. Anamtuma mtu mwingine, yule Mkushi. Ahimaasi bado anang'ang'ana, na hapo Yoabu anamwita mwanangu na kumwuliza kwa nini anataka kukimbia ilhali hana habari ya kumfaa mtu. Hilo ndilo swali letu juma hili.

Nimelichagua kwa sababu ya jambo linaloendelea katikati yetu. Ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri hapa Donholm, kabla matatu hazijajaa Outering Road, utawakuta watu wakikimbia. Wengine wanapunguza kilo, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini wako wanaojiandaa kwa mbio za hisani, na kati yao wako ndugu na dada zetu waliomzika mama au baba kwa sababu ya kansa. Wanataka kukimbia kwa kumbukumbu ya mzazi. Wengine wetu wameanza kunong'ona: je, hii si ibada ya wafu? Na mbona mbio zenyewe ni Jumapili?

La kwanza ni fupi. Kumkumbuka mzazi si kumwabudu. Yusufu alimwombolezea Yakobo kwa heshima kubwa (Mwanzo 50), na Musa alibeba mifupa ya Yusufu kutoka Misri (Kutoka 13:19). Hakuna aliyemwomba marehemu kitu. Ukikimbia ukidhani mama anakuona na atakufungulia milango, hapo tuna shida. Ukikimbia kwa sababu unamshukuru Mungu kwa mama aliyekupa, kimbia.

La Jumapili nalo ni kweli. Marathoni ya Standard Chartered, iliyoanza Nairobi mwaka 2003, hukimbiwa Jumapili ya Oktoba, na nyingine nyingi ziko hivyo. Bwana wetu aliuliza ni nani ambaye kondoo wake akitumbukia shimoni siku ya sabato hatamtoa (Mathayo 12:11). Kwangu mimi, Jumapili moja kwa mwaka ya kumsaidia mgonjwa haimkosei Mungu. Lakini kama wewe ndiye mpiga kinanda na umepotea bila kumwambia mtu, hayo si mambo ya marathoni tena, hayo ni mambo ya tabia.

Turudi kwa Ahimaasi. Alikuwa na mbio, usicheze naye. Mkushi alitangulia, lakini Ahimaasi akashika njia ya Uwanda akampita. Mlinzi akamtambua kwa mbali kwa mwendo wake tu. Daudi akasema huyo ni mtu mwema. Kila kitu kilikuwa tayari: mkimbiaji hodari, jina zuri, watu wakimngoja langoni. Kisha mfalme akauliza swali moja tu, kama yule kijana Absalomu yu salama. Na Ahimaasi akajibu kwamba aliona kishindo kikubwa lakini hakujua ni kitu gani.

Wapendwa, alijua. Mstari wa 20 Yoabu alikuwa amemwambia wazi kwamba mwana wa mfalme amekufa. Alikimbia njia yote hiyo, akafika wa kwanza, na mdomo ukakwama palepale penye neno lenyewe. Akaambiwa asimame kando, angoje mwenye habari.

Mimi nikisoma hapo naona matanga yetu. Tunasimama mbele ya jeneza, tunasoma historia ya marehemu, tunataja shule alizosoma na watoto aliozaa, kisha tunafika pale: aliugua kwa muda mrefu, akalala. Kuugua nini? Tuliona kishindo kikubwa. Jirani aliyeketi nyuma ana uvimbe titini tangu Disemba, na hakusikia kitu cha kumfanya ainuke kesho aende hospitali.

Mnakumbuka Julai ya 2019. Tarehe 1 Bob Collymore wa Safaricom akafariki, tarehe 26 mbunge wa Kibra Ken Okoth, tarehe 29 gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu kansa, mwezi mmoja. Okoth alikuwa amejitokeza mapema mwaka huo akasema wazi anaugua kansa ya utumbo mpana. Miezi hiyo watu walizungumza kansa ndani ya matatu, wakaulizana dalili. Ndivyo neno likitajwa linavyofanya kazi. Na si ugonjwa wa wakubwa peke yao. Shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO lilikadiria kwamba mwaka 2020 Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na kansa, na zaidi ya 27,000 walikufa nayo. Hao ni zaidi ya watu 70 kila siku.

Kwa nini tunaficha? Wengine wanaogopa itasemwa ni laana ya ukoo. Lakini sisi watu wa Roho tuna sababu yetu nyingine, na tuitaje. Tulifunga, tukaomba, tukapaka mafuta, na mama hakupona. Mtoto anaona akisema kansa ni kama anatangaza kwamba maombi yalishindwa, au kwamba imani yake ilikuwa haba. Mpendwa, Elisha aliyefufua mtoto wa Mshunami aliugua ugonjwa uliomwua (2 Wafalme 13:14), na hakuna mahali Biblia inasema imani yake ilipungua. Na Hezekia alipoomba akasikiwa, bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Maombi na dawa, pamoja. Mtu akikwambia kwa jina la Yesu uache dawa za kansa, huyo hakutumwa na kanisa hili.

Basi ndugu anayekimbia kwa ajili ya mzazi anahitaji habari ya kubeba. Iwe fupi, iwe ya kweli, imfae anayeisikia. Mama yangu alikufa kwa kansa ya mlango wa kizazi. Kina mama, kuanzia miaka 25 mnaweza kuchunguzwa katika vituo vingi vya afya vya serikali, na ikionekana mapema, kabla haijawa kansa, inatibika. Msichana wako wa miaka 10 apate chanjo ya HPV, ambayo serikali ilianza kuitoa Oktoba 2019. Baba yangu alianza kukwama chakula kooni, akawa anateremsha kwa maji, tukachelewa. Ukiona hivyo usingoje. (Hapa niseme jambo ambalo wahudumu wa jikoni hawatalipenda. Mwaka 2016 shirika lilelile lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaleta kansa ya umio. Ile chai tunayokunywa baada ya ibada ikiwa bado inafuka, iacheni ipoe kidogo.)

Na habari hiyo ianze na mkimbiaji mwenyewe. Kama mzazi wako alikuwa na kansa ya matiti, ya utumbo mpana au ya tezi dume, mwambie daktari, kwa sababu mara nyingi watoto wa mtu kama huyo huanza kuchunguzwa mapema kuliko wengine. Inashangaza mtu akifanya mazoezi miezi sita akimbie kilomita 42.195, karibu umbali wa kutoka mjini hadi Thika, na hajapanda matatu moja kufika Mama Lucy apimwe.

Nitoe mfano wa mtu ambaye hakumaliza njia. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, mwenye miaka 21, aliyekatwa mguu wa kulia kwa sababu ya kansa ya mfupa, alianza kuvuka nchi yake mbio akiwa na mguu wa bandia. Alianza tarehe 12 Aprili, na karibu kila siku alikimbia umbali wa marathoni nzima. Siku ya 143, tarehe 1 Septemba, baada ya kilomita 5,373, alisimama karibu na mji wa Thunder Bay kwa sababu kansa ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki Juni 1981. Lakini alikuwa na habari ambayo hata mtoto angeirudia: kila Mkanada atoe dola moja kwa utafiti wa kansa. Kabla hajafa, pesa zilifika dola milioni 24, na nchi yenyewe ilikuwa na watu kama milioni 24. Mpime huyu na Ahimaasi. Mmoja alifika wa kwanza bila neno, mwingine hakufika kabisa na neno lake likafika.

Hata hapa kwetu tumeona. Mama Margaret Kenyatta alipokimbia mwaka 2014, hapa Nairobi na kisha London, kila mtu alijua ni kwa ajili ya akina mama wanaokufa wakijifungua na watoto wao wachanga. Kliniki za magari zikaenda kaunti kwa kaunti. Watu hawakubaki wakiuliza alikuwa anapunguza kilo.

Sasa pesa, maana hapa ndipo jina la mama huweza kuharibika. Usidhani ada ya kujiandikisha inaenda kwa wagonjwa wa kansa. Kila mbio zina kusudi la waandaaji: Standard Chartered kwa miaka mingi ilichangia matibabu ya macho ya watoto, na Mater Heart Run ni ya watoto wenye ugonjwa wa moyo. Ni kazi njema. Ila ukitaka mchango wako umfikie mgonjwa wa kansa, itakubidi utafute ahadi za marafiki, labda shilingi 50 kwa kila kilomita, na umpelekee anayehudumu. Nairobi Hospice imewatunza wenye maumivu makali tangu 1990. Faraja Cancer Support Trust ilianzishwa 2010 kuwashika mkono wagonjwa na jamaa zao. Piga simu kwanza, uliza mchango unapokelewaje, na watu watume moja kwa moja kwa shirika. Usikusanye kwa simu yako. Paulo mwenyewe, mtume mzima, alipobeba mchango wa Yerusalemu hakukubali kuubeba peke yake, ili mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:20–21). Sisi ni nani?

Kuna mwingine anakimbia kwa sababu nzito zaidi. Anajiambia, ningempeleka mapema, ningeuza lile shamba, ningetoka kazini siku ile aliponiita. Anakimbia hadi miguu ivimbe akidhani maumivu yatalipa. Ndugu, dada, kilomita 42 hazilipi deni hilo, na hata 420 haziwezi. Kama kuna deni, lililipwa msalabani. Na mara nyingi hakuna deni. Kwa miaka mingi Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi, foleni ikawa ya miezi. Hukuiweka wewe ile foleni. Kabla hujanunua viatu, njoo tuketi na tuombe pamoja.

Tumalizie na Daudi. Alipanda chumba kilicho juu ya lango akalia, na hakuna wa kumlaumu kwa kulia. Lakini sura ya 19 inasema watu waliompigania waliingia mjini kwa kujificha kama walioaibika. Yoabu akamwendea na maneno makali, pengine makali kupita kiasi kwa mtu aliyefiwa. Hata hivyo mfalme aliinuka, akaketi langoni, na watu wote wakaja mbele yake. Walio hai walikuwa wanamngoja. Mama amelala, sawa, unakimbia kwa ajili yake. Na mzee aliyebaki kule nyumbani, anayekula peke yake jioni, ulimpigia simu lini? Paulo anaandika kwamba watoto wajifunze kwanza kuwatunza wa nyumbani mwao (1 Timotheo 5:4). Pengine mbio zako za kwanza ni za kwenda stejini kupanda gari la ushago.

Katika ushirika wa nyumbani juma hili, someni fungu lote kwa sauti. Kisha kila mmoja anayeweza, na asilazimishwe mtu, ataje ugonjwa uliomwondoa mzazi au jamaa yake kwa jina lake. Waliojiandikisha kwa mbio wawaambie wenzao ni habari gani watabeba na mchango utaenda wapi. Na aliye na dalili yoyote, au anayetaka kupimwa lakini anaogopa kwenda peke yake, amwambie kiongozi wa ushirika kabla ya Jumapili. Tutapata mtu wa kwenda naye.