Jamaa wakikutembelea ng'ambo, chunga afya yao

Vijana wetu wengi huondoka nchini kwenda kufanya kazi ya kujitolea katika mataifa mengine ya Afrika. Wako walimu, wauguzi, mafundi wa maji na hata wahasibu. Baada ya miezi michache kijana huanza kukumbuka nyumbani, naye mzazi huanza kuuliza, "Nitakuja lini nione unakokaa?" Nauli huchangwa, tarehe huwekwa na kila mtu hufurahi. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni afya ya mgeni huyo.

Msomaji, nazungumza kama mkosaji. Mwaka 2009 nilikuwa daktari wa kujitolea wilayani Mangochi, upande wa kusini wa Ziwa Malawi. Mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 61 na mwenye shinikizo la damu, alitoka Nyeri mwezi wa Desemba akaja kukaa nami majuma matatu. Nilimpa kitanda changu na chandarua changu, nami nikanunua kingine. Nilimtafutia samaki aina ya chambo na kumfundisha kusalimu kwa Kichewa. Kila jioni tulikaa barazani na majirani hadi saa nne usiku tukipunga upepo, kwa sababu ndani ya nyumba hakukukalika kwa joto. Mimi nilikuwa nikimeza tembe za kukinga malaria kila siku. Yeye sikumpa. Nilijiambia kwamba mama ni Mwafrika, amezaliwa Kenya, malaria anaijua.

Siku ya kumi baada ya kurejea Nyeri alianza kuhisi baridi na kuumwa na viungo. Kliniki ya karibu ilimpa dawa ya mafua. Siku ya tatu ya ugonjwa akaambiwa ni nimonia. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi mwezi uliotangulia, naye hakuona sababu ya kueleza. Dada yangu aliponipigia simu usiku wa siku ya tano, mama alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka na macho yake yamegeuka manjano. Damu yake ilipopimwa ilikutwa na vimelea vingi vya malaria. Alilazwa siku tisa akitiwa kwinini kupitia mshipa, ambayo ndiyo iliyokuwa tiba ya malaria kali wakati huo. (Siku hizi tunatumia sindano ya atesuneti, ambayo ni bora zaidi.) Alipopata nafuu aliniambia kwa simu, "Wewe ni daktari wa watu, lakini mamako ulimsahau."

Kosa langu lilikuwa wapi? Mtu anayekulia mahali penye malaria nyingi huambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, hata mwili wake ukazoea kupambana na vimelea. Anaweza kuugua, lakini si rahisi azidiwe. Uwezo huo hautokani na rangi ya ngozi wala na pasipoti. Nyeri, Limuru na Nyandarua ni sehemu za baridi ambako vimelea hukua kwa shida ndani ya mbu, kwa hivyo mwenyeji wa huko hana kinga yoyote ya maana. Na wewe uliyezaliwa Busia au Siaya lakini umeishi Nairobi miaka mingi, usijidanganye. Kinga hiyo hufifia mtu asipoambukizwa tena. Unapokwenda Juba, Mangochi au Freetown, mwili wako unakaribiana na wa mgeni aliyetoka London.

Tena kuna jambo ambalo mwenyeji halioni kwa urahisi. Wewe wa kujitolea ulipewa chanjo, tembe, chandarua, mafunzo ya siku kadhaa na bima. Mgeni wako alipewa simu tu, akaambiwa aje. Hata hiyo bima mara nyingi inakuhusu wewe peke yako. Soma mkataba kabla hajapanda ndege.

Basi mpeleke mgeni wako kwa daktari angalau majuma sita kabla ya safari, hata kama ni kwa kumpigia simu kila siku hadi aende. Dawa za kukinga malaria zinazotumika sana ni tatu. Atovakoni pamoja na proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka. Madhara yake ni machache lakini bei yake ni kali. Doksisaiklini ni rahisi kwa bei, ila huendelezwa majuma manne baada ya kuondoka, na haimfai mama mjamzito. Meflokwini humezwa mara moja kwa juma, nayo haimfai mtu aliyewahi kuugua kifafa au ugonjwa wa akili. Klorokwini mliyoizoea zamani isahauni. Malawi yenyewe iliacha kuitegemea kutibu malaria mwaka 1993, ikiwa nchi ya kwanza barani kufanya hivyo.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa Mkenya anayeingia Malawi au Sudan Kusini. Cheti chake huwa halali siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote. Aliyetimiza miaka 60 amweleze daktari umri wake kabla ya sindano, kwani madhara makali, ingawa ni nadra, huwapata wazee zaidi.

Dawa za presha na kisukari zibebwe mkononi, si katika sanduku linaloweza kupotea, na zizidi siku za ziara kwa majuma mawili. Anayetumia dawa za kukojoza anaweza kupata kizunguzungu kwenye joto kali, kwa hivyo apimwe presha akiwa huko. Insulini isiachwe garini wala juani. Wanaokuja kwa basi kupitia Dar es Salaam na Mbeya wasimame na kutembea kila basi linaposimama, maana kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu huweza kugandisha damu mishipani.

Halafu kuna ziwa. Maji ya Ziwa Malawi ni maangavu na wageni hupenda kuyaogelea, lakini yana konokono wanaoeneza kichocho. Usikubali kuambiwa kwamba ufuo fulani ni salama. Kama mgeni ameshaingia majini, apimwe mkojo na choo miezi miwili hadi mitatu baadaye. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, hivyo akiimeza siku anayotoka majini haitamsaidia.

Siku ya kumuaga mgeni, mwandikie karatasi yenye jina la nchi na wilaya aliyokaa, tarehe aliyoondoka na dawa alizomeza. Akipata homa yoyote kuanzia juma moja baada ya kufika huko hadi miezi mitatu baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama alimeza tembe zote za kukinga. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu. Karatasi hiyo aiweke mkobani. Akifika kliniki aitoe kabla hajaulizwa.